Maziwa Yanayosokota Tumbo

Mwezi huu twataka kusema juu ya maziwa, kwa sababu yaweza kuleta fitina katika mitaa yetu ya Kigonsera. Mtu huenda kumwamkia jirani, hukaribishwa kikombe, hukinywa chote. Hajafika kwake, tumbo languruma, lajaa, lamsokota, naye aharisha. Kesho yake watu wanong'ona kwamba amelishwa sumu. Nanyi wainjilisti, neno la namna hii likifika kwenu, msilipeleke mbele ya wazee wa kanisa kabla ya kujua asili yake.

Asili yake ni hii. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 48 hivi. Sukari hiyo haiingii damuni nzima, sharti ikatwe kwanza na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichomo katika utumbo mwembamba. Mtoto mchanga anacho tele, bali akiisha kuachishwa, kwa watu walio wengi hupungua. Yakadiriwa kwamba thuluthi mbili hivi ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi laktosi vema. Basi isiyokatwa hushuka mpaka utumbo mpana, ambako bakteria wasiohesabika hukaa. Hao huila na kutoa hewa, tena sukari yenyewe huvuta maji. Ndiyo ngurumo, ndiyo kuhara. Hapana sumu hapo, wala hapana mchawi.

Mtu atauliza, Mbona Mmasai hunywa kibuyu kizima? Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa habari za kuchunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Waliona ya kuwa wafugaji wengi wamerithi badiliko dogo la jeni linalodumisha laktasi hata utu uzima, nalo si lile la watu wa Ulaya, bali lilizuka huku huku Afrika. Wazee wetu wa Umatengo walilima ngoro, na wa pwani ya Nyasa walivua usipa. Hawakuishi kwa maziwa. Lakini kabila halimpimi mtu mmoja mmoja: kila mtu na alijue tumbo lake.

Je, asiyeyaweza ayaache kabisa? La. Wengi huweza kikombe kimoja, hasa wakinywa kidogo kidogo pamoja na chakula. Nao mtindi ni mwepesi zaidi, kwa kuwa bakteria waugandishao wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na walio hai husaidia kuikata iliyobaki tumboni. Ibrahimu aliwaandalia wageni maziwa na siagi (Mwanzo 18:8), na neno la Kiebrania lifasiriwalo siagi laweza kuwa maziwa yaliyoganda.

Kwanza chemsheni maziwa, maana mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela. Yapoe hata yawe vuguvugu, mtie kijiko cha mtindi mzuri wa jana, mfunike katika chombo safi mpaka asubuhi. Mtindi ukiisha kuganda msiuchemshe, mtawaua wale bakteria wema.

Nayo togwa yetu haina maziwa, wala hatusemi kwamba humfanya mtu ayaweze. Ila twaisifu kwa haki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 na J. K. Mugula na wenzake ulikuta ndani yake bakteria wa asidi ya maziwa, kama Lactobacillus plantarum. Tena mwaka 1999 R. Kingamkono na wenzake walionyesha ya kuwa watoto wadogo wa Tanzania walionyweshwa togwa kila siku walipungukiwa na bakteria wabaya chooni. Kimea kiwe kikavu, kisicho na ukungu. (Togwa iliyolala siku nyingi ni pombe; asije mtu akaitaja gazeti hili kuwa ushahidi.)

Mama anyonyeshaye asimnyime mtoto ziwa kwa maneno haya. Mtoto akihara, aendelee kunyonya, apewe na maji ya chumvi na sukari ya zahanati. Na yeyote aharaye damu, au akondaye, au mwenye homa, asilisingizie maziwa; aende hospitali siku ile ile.