Somo la Wiki: Kukata Bima ya Gari Lililobadilishwa

Wanafunzi wetu wa darasa la wakubwa, hapa Uingereza mtu huruhusiwa kuendesha gari akifika miaka 17, na baadhi yenu mmeshaanza kuhesabu miezi. Leo tujifunze kuzungumzia bima kwa Kiswahili, ili muweze kuijadili nyumbani na wazazi kabla gari halijanunuliwa.

Maneno ya leo

Bima ndogo: humlipa mtu mwingine uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Gari lako halilipwi. Hiki ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria.
Bima kubwa: hulipia na gari lako pia.
Dereva mkuu: anayeliendesha gari mara nyingi kuliko wengine.
Fidia: malipo unayopewa baada ya hasara.

Sarufi: kukata na kukatia

Tunasema kukata bima, kama tunavyosema kukata tiketi. Ukimfanyia mwingine, unamkatia. "Baba amenikatia bima." Hapo hakuna kosa, ikiwa baba amelipa na wewe umeandikwa dereva mkuu. Lakini baba akijiandika yeye ili bei ishuke, na gari unaliendesha wewe kila siku, huo ni udanganyifu, hata kama amefanya kwa mapenzi.

Gari likibadilishwa

Vijana hupenda kufunga rimu kubwa na ekzosi yenye mlio, kushusha gari, kuongeza nguvu za injini, hata kubadilisha bodi nzima. Kumbuka kwamba kampuni ya bima ilipanga bei kwa gari ulilolieleza. Basi waarifu kabla fundi hajashika spana, na uliza: "Nikifunga hiki, nitalipa kiasi gani?" Kampuni nyingine zitakataa, nyingine hushughulikia hasa magari ya namna hii. Ukinunua gari lililotumika, muulize muuzaji alibadilisha nini, kwa sababu wewe ndiye utakayelitolea maelezo.

Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kufuta mkataba, ikakataa kulipia gari lako na isikurudishie pesa zako. Aliyegongwa anaweza kulipwa, kisha deni hilo ukadaiwa wewe. Ukikamatwa unaendesha bila bima, adhabu ya kawaida ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Kwa dereva ambaye hajatimiza miaka 2 tangu afaulu, pointi 6 zinatosha leseni kufutwa. Utaanza tena kama mwanafunzi na kurudia mitihani yote miwili.

Wazee wetu husema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Ajali ndiyo kilio cha gari.

Zoezi la nyumbani

1. Tunga sentensi 3 ukitumia kata, katia na katiwa bima.
2. Mzazi awe karani wa bima, nawe mteja. Mweleze kwa Kiswahili mambo matatu unayotaka kubadilisha kwenye gari, bila kuficha hata moja.
3. Wazazi, mwelezeni mtoto: dereva mkuu wa gari lenu ni nani?