Mshubiri wa Kwenye Kopo: Unakua Kiasi Gani, na Ukatwe Lini?



Safari hii tunazungumzia mmea ambao huenda uko mlangoni pako sasa hivi, umepandwa ndani ya kopo la mafuta ya mgao. Wengi wanauita alovera. Wenzetu Wanyarwanda wanauita igikakarubamba. Kwa Kiswahili ni mshubiri, na yale maji yake machungu ndiyo shubiri yenyewe, ambayo imetupa msemo wa "chungu kama shubiri".

Kuna maswali mawili yanayoulizwa sana. La kwanza: "Mbona mshubiri wangu haukui?" La pili: "Naweza kuutumia kwa ugonjwa gani?" Maswali haya yanahusiana kuliko unavyodhani, kwa sababu anayekata majani ya mmea mchanga kila wiki ili awape watoto wanywe anauua mmea na pia anawadhuru watoto. Tuanze na ukuaji.

UREFU NA MWENDO WA KUKUA

Mshubiri uliopandwa ardhini, penye jua na nafasi, hufikia sentimita 60 hadi 100. Ule wa kwenye kopo mara nyingi huishia kati ya sentimita 30 na 60, kwa kuwa mizizi imebanwa. Kama huna rula, tumia mkono wako. Shibiri moja ya mtu mzima, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama sentimita 20. Kwa hiyo mshubiri wa kopo ukifika shibiri mbili, umefanya kazi nzuri. (Tunapima mshubiri kwa shibiri, ndiyo lugha yetu hiyo.)

Usitegemee uote haraka kama mchicha au maharage. Huchukua miaka 3 hadi 4 kukomaa. Ukiwa kwenye kopo utaongeza majani machache tu kwa mwaka, na wakati wa kiangazi kikali unaweza kuona kama umesimama kabisa. Haujafa. Mmea huu huweka maji ndani ya majani yake manene na kuyatumia kidogo kidogo. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana, lakini mshubiri hufungua usiku kunapokuwa na ubaridi, ili maji yasipotee kwa jua. Ndiyo maana unavumilia ukame, na ndiyo maana hauna haraka.

Jani jipya huzaliwa katikati. Majani ya nje ndiyo wazee. Ukilijua hilo umeshajua jani la kukata: ni la nje kabisa, la chini, lililonenepa. Ukikata la katikati unakata moyo wa mmea.

Subiri mpaka mmea uwe na majani manene yasiyopungua 8 hadi 10. Ukikata, chukua moja au mawili, kisha uache mmea upumzike miezi kadhaa. Mmea wenye majani manne au matano mwache akue.

Kama unataka kujua unakwenda kwa kasi gani, chomeka kijiti kando yake, na kila mwanzo wa mwezi weka alama ya kisu mahali ncha ndefu ilipofikia. Watoto wa shule wanaipenda kazi hii.

KWA NINI WANGU HAUKUI?

Sababu ya kwanza ni maji mengi. Watu wanauonea huruma wanaumwagia kila siku, mizizi inaoza, majani yanageuka kahawia na kuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Toboa kopo chini kwa msumari matundu manne au matano. Changanya udongo na mchanga. Mwagilia pale tu udongo umekauka hadi chini ya kidole, na nusu kikombe kinatosha kwa kopo dogo. Katika kambi yenye foleni ya maji, hii ni habari njema: maji uliyooshea mboga yanafaa, mradi hayana sabuni nyingi wala chumvi.

Sababu ya pili ni kivuli. Ndani ya nyumba au hema lenye giza, majani hurefuka, huwa membamba na kulala. Utoe nje, lakini kwa siku za kwanza uweke penye jua la asubuhi tu, la sivyo majani yatababuka na kuwa mekundu.

Sababu ya tatu ni msongamano. Mshubiri huzaa vitoto pembeni. Kopo likijaa vitoto, wote wanadumaa. Kitoto kikifika urefu wa kidole kirefu na kuwa na mizizi yake, kitenge, kiache kivulini siku moja au mbili jeraha likauke, kisha kipande. Mizizi hutambaa juu juu, kwa hiyo chombo kipana ni bora kuliko kirefu. Jani lililokatwa ukalichomeka ardhini kwa kawaida huoza, usipoteze muda. Makopo yaliyokuwa na dawa ya wadudu usiyatumie, na ukingo wa bati lililokatwa ukunje kabla haujamkata mtoto mguu.

NDANI YA JANI KUNA VITU VIWILI

Hapa ndipo tunapoomba usome taratibu. Kata jani ulisimamishe wima kwenye kikombe. Utaona maji ya njano yanachuruzika kutoka chini ya ganda. Hayo ndiyo shubiri, machungu na makali. Ukimenya ganda, ndani kuna ute mweupe unaong'aa kama kamasi la bamia. Vitu hivi viwili havifanani kazi hata kidogo.

Ute wa ndani unaweza kutuliza ngozi iliyoungua kidogo. Maji ya njano ni dawa kali ya kuharisha. Huko Marekani yalikuwa yakiuzwa dukani kama dawa ya kulainisha choo, hadi mwaka 2002 mamlaka ya dawa ilipoyaondoa kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa. Mwenye mimba asiyanywe. Mtoto asipewe.

Hili la mtoto lina mzizi mrefu katika mila zetu. Akina mama wengi, wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa, hupaka shubiri kwenye chuchu. Mama yako alifanya hivyo, pengine na bibi yako. Hatuwacheki. Lakini fikiria kinachotokea hapa kambini: mtoto wa mwaka mmoja na nusu anameza maji ya njano, anaharisha, na siku hiyo hiyo amekosa maziwa ya mama. Maji yanamtoka kwa njia moja, chakula kimefungwa kwa njia nyingine. Hivyo ndivyo mtoto aliyekuwa salama kwenye kipimo cha mkono anavyoingia kwenye nyekundu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Ukiamua kumwachisha, punguza mara moja moja: acha kwanza ziwa la mchana, mpe uji badala yake, la usiku liwe la mwisho. Inachukua wiki kadhaa. Kama umeshapaka na mtoto anaharisha, mnyonyeshe, mpe ORS, na mlete kituoni siku hiyo hiyo. Hakuna atakayekugombeza.

Wapo pia wanaokunywa shubiri kwa homa wakisema ni malaria na malaria huogopa uchungu. Malaria haiogopi uchungu. Homa ipimwe, na ikiwa ni malaria upewe dawa mseto na uzimalize. Siku mbili za kunywa shubiri ukisubiri nafuu ni siku mbili ambazo malaria ya mtoto inaweza kufika kichwani.

MOTO NA UJI WA MOTO

Mtoto akiungua, usikimbilie mshubiri. Kimbilia maji. Mwagia maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Kama maji ni haba, weka beseni chini, uyachote na kuyamwaga tena. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia wala udongo. Ukiwa umeungua kidogo tu, ngozi imekuwa nyekundu bila malengelenge, baada ya maji unaweza kupaka ute wa jani lililooshwa, ambalo shubiri yake imechuruzika yote. Lakini kama kuna malengelenge, au ngozi imechunika, au sehemu iliyoungua inazidi kiganja cha aliyeungua, au ni usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, funika kwa kitambaa safi na uje kituoni bila kupaka chochote. Mtoto mdogo aje hata kama jeraha ni dogo.

Na tafadhali, usichanganye mshubiri na mnyaa, ule wa kwenye ua ambao Wanyarwanda wanauita umuyenzi. Mnyaa ukivunjwa hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni yanaweza kuharibu macho. Mshubiri hautoi maziwa meupe. Yakikurukia, osha jicho kwa maji mengi papo hapo, kisha njoo.

Mwisho, kisahani kile ulichoweka chini ya kopo. Yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 14, na kisahani chenye maji kinamtosha. Kimwage na kukisugua kila wiki, au kiondoe kabisa, mshubiri haukihitaji.