Somo la Ushirika: Kubadili Mtambo wa Barua Pepe Bila Kupoteza Barua

Shabaha ya somo

Baada ya somo hili katibu wa chama cha msingi aweze kueleza kazi ya mtambo wa barua pepe, azijue hatua za kuuondoa mtambo uliochakaa na kuweka mwingine mahali pake, na aweze kumwuliza fundi maswali yapasayo kabla kamati haijaidhinisha fedha. Somo halikusudii kumfanya kila katibu awe fundi. Lakusudia kumwezesha kusimamia kazi ya fundi, kama anavyosimamia mizani bila yeye mwenyewe kuwa mtengenezaji wa mizani.

1. Kwa nini jambo hili lamhusu mkulima

Mkulima wa Kagoma, pale inapoanzia barabara ya kwenda Lusahunga, akileta kahawa ya maganda chamani huona mizani, karani na stakabadhi. Nyuma ya hayo ziko barua asizoziona: maombi ya fedha za malipo ya awali, taarifa za kilo zilizokusanywa, majibu ya benki, maagizo ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mapatano na wanunuzi wa ng'ambo. Zamani barua hizo zilipitia posta au zilibebwa na mtu; leo nyingi hupitia barua pepe.

Barua moja ikipotea, fedha huchelewa. Fedha zikichelewa, mzazi mwenye shida ya karo huuza kahawa yake ingali mtini, na ugonjwa wa butura, ambao kila mwanaushirika wa Bukoba na Muleba anaujua, hupata nguvu. Tena wako wezi waandikao barua zinazofanana na za chama, wakidai kwamba akaunti ya benki imebadilishwa. Mtambo mbovu huwafungulia mlango.

2. Mtambo una sehemu gani

Mtambo wa barua pepe ni kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti, yenye programu za kupokea, kutunza na kupeleka barua. Mafundi huiita seva. Seva nyingi za namna hii hutumia mfumo wa jamii ya Unix. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Kutokana na mawazo yake zimetokea Linux, iliyoanza mwaka 1991, na FreeBSD. Hizi mbili hupatikana bila malipo, na kwa hiyo zafaa vyama visivyo na fedha za kununua leseni kila mwaka.

Ndani ya seva kuna watumishi watatu, na yafaa katibu awajue kwa kazi zao.

Wa kwanza ni mpeleka barua. Programu itumikayo sana ni Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998. Hupokea barua kutoka nje, huzipanga katika foleni, na huzipeleka ziendako.

Wa pili ni mtunza masanduku. Dovecot hufanya kazi hii. Katibu afunguapo barua zake kwa simu au kompyuta, huyu ndiye amhudumiaye.

Wa tatu ni mkaguzi, kwa mfano Rspamd, ambaye huchuja barua za uongo na za matangazo.

Zaidi ya hao watatu liko daftari la majina ya mtandao, ambalo huueleza ulimwengu kwamba barua za chama zipelekwe kwenye mtambo gani. Majina yanayoishia na .tz yana msimamizi wake wa daftari. Jina hilo ni mali ya chama, na hapana budi liandikishwe kwa jina la chama. Fundi aliyeliandikisha kwa jina lake mwenyewe aweza kuondoka nalo, na barua za chama zikamfuata.

3. Lini mtambo wapasa kubadilishwa

Dalili ya kwanza ni diski kujaa au kutoa makosa. Ya pili ni mfumo kuachwa na watengenezaji wake. Kwa mfano, CentOS 7, iliyotumiwa na ofisi nyingi, ilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Mashine ya namna hiyo huendelea kufanya kazi, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna anayeziba nyufa zinazogunduliwa. Dalili ya tatu ni barua za chama kukataliwa na wapokeaji. Tangu Februari 2024 Google imewataka wote wanaopeleka barua kwa wateja wake wawe na uthibitisho maalumu, utakaoelezwa katika sehemu ya 5.

4. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: hesabu ya mali. Wanaushirika wa Kagera wanayajua makabidhiano. Chama kikuu cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vikavunjwa nchini mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika kila makabidhiano jambo la kwanza ni orodha. Hapa pia fundi aandike masanduku yote, majina ya pamoja kama «katibu» au «uhasibu» na watu wanaopokea barua zake, ukubwa wa barua zote, na nywila zinatunzwa na nani. Sanduku lililosahauliwa katika orodha litakuwa barua zilizokataliwa baada ya siku chache. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya pili: mahali pa kuweka mtambo. Kamati ichague kati ya mashine iliyomo ofisini na mashine ya kukodi katika kituo cha kompyuta. Mtambo wa ofisini wahitaji anwani ya intaneti isiyobadilika, betri ya kuusubirisha umeme urudi, na kinga ya radi, kwani nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zile zipigwazo na radi mara nyingi duniani. Yafaa pia kuuliza kama kampuni ya intaneti imefungua mlango namba 25, ambao mitambo huutumia kupelekeana barua. Kampuni nyingi huufunga. Vyama vya msingi havihitaji kila kimoja kuwa na mtambo wake. Mtambo mmoja wa chama kikuu, wenye sanduku kwa kila chama, ndio ushirika wenyewe.

Hatua ya tatu: kuandaa mashine mpya wakati ya zamani ingali ikifanya kazi. Fundi asiiguse ya zamani. Katika mpya aweke mfumo unaopata marekebisho, kwa mfano Debian, aweke diski mbili zinazoandika mambo yale yale ili moja ikifa nyingine iendelee, arekebishe saa, na afunge milango yote isiyotumika. Aweke pia cheti cha kuficha mazungumzo, ili nywila zisisomwe njiani. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, lakini kila cheti kina muda wake, na mashine yapasa ipangwe kukipyaisha yenyewe.

Hatua ya nne: kujaribu. Kosa kubwa kuliko yote ni mtambo kukubali kupeleka barua ya mtu yeyote kwenda popote. Matapeli hugundua mtambo wa namna hiyo upesi, na jina la chama huingizwa katika orodha nyeusi za dunia. Jaribio lifanywe kutoka nje ya ofisi: mtu asiye na nywila ajaribu kupeleka barua kwa mgeni kupitia mtambo mpya. Jibu liwe kukataliwa.

Hatua ya tano: nakala ya kwanza. Kwa programu ya rsync barua zote zinakiliwa kutoka mashine ya zamani kwenda mpya. Kazi hii yaweza kuchukua usiku kadhaa kama intaneti ni nyembamba, wala haisimamishi huduma. Ikirudiwa, rsync hupeleka yaliyobadilika tu. Kwa hiyo nakala ya mwisho huwa fupi.

Hatua ya sita: kulifupisha daftari. Daftari la majina husomwa na kukumbukwa na mitambo mingine kwa muda ulioandikwa ndani yake, aghalabu sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama muda huo upunguzwe hadi sekunde 300. Hatua hii ikisahauliwa, baadhi ya barua zitaendelea kwenda mtambo wa zamani kwa siku nzima baada ya kuhama.

Hatua ya saba: usiku wa kuhama. Usichaguliwe usiku wa msimu wa ununuzi, ambao hupamba moto katikati ya mwaka, wala siku za malipo. Fundi asimamishe upokeaji katika mtambo wa zamani, afanye nakala ya mwisho, abadili daftari, kisha afungue mtambo mpya.

Hapa wengi huogopa kwamba barua zitakazofika wakati milango imefungwa zitapotea. Hazipotei. Kwa desturi ya barua pepe, mpelekaji asiyepata jibu huiweka barua katika foleni yake na kujaribu tena. Postfix hujaribu kwa siku 5 isipoagizwa vingine. Hatari iko penginepo: mtambo ulio wazi unaojibu kwamba mtu huyu hayupo. Majibu yanayoanza na tarakimu 4 maana yake «rudi baadaye». Yanayoanza na 5 maana yake «usirudi kamwe», na barua humrudia mwandishi. Kwa hiyo katika siku za kwanza fundi aandike katika mpangilio wa Postfix mstari huu:

soft_bounce = yes

Kwa mstari huo majibu ya 5 ya Postfix hugeuzwa kuwa ya 4. Sanduku lililosahauliwa laweza kuongezwa asubuhi, na barua iliyokuwa ikingoja itaingia. Mambo yakitulia mstari huo uondolewe. Ukiachwa, barua zenye anwani zisizo sahihi zitarudirudi kwa siku nyingi, na waandishi wake hawatajua upesi kwamba wamekosea.

5. Muhuri na sahihi

Barua ya chama isiyo na muhuri haipokelewi benki. Barua pepe nayo ina mihuri yake, na yote huandikwa katika daftari la majina.

SPF ni orodha ya mitambo iliyoruhusiwa kupeleka barua kwa jina la chama. Mtambo ukibadilika, orodha hii ibadilishwe. DKIM ni sahihi inayowekwa na mtambo juu ya kila barua; ufunguo wa siri hubaki katika seva, na ule wa kuhakiki huwekwa hadharani. Ufunguo wa zamani wa kuhakiki uachwe kwa siku kadhaa baada ya kuhama, ili barua zilizokuwa njiani zitambuliwe. DMARC ni maagizo kwa wapokeaji: barua iliyokosa uthibitisho ifanyweje, ipokelewe, itengwe au ikataliwe. Mwisho, kampuni ya intaneti iombwe kuiandika anwani ya mtambo ili isomeke kinyume, yaani kutoka namba kwenda jina. Mtambo usio na maandishi hayo hushukiwa.

Mihuri hii hupunguza barua za kughushi; haiondoi wajibu wa binadamu. Barua yoyote inayotaja akaunti mpya ya benki ithibitishwe kwa kumpigia mhusika kwa namba iliyokuwa inajulikana zamani, si kwa namba iliyoandikwa katika barua hiyo.

6. Baada ya kuhama

Mashine ya zamani isifutwe kwa siku 30. Itolewe mtandaoni na ifungiwe. Foleni ya mtambo mpya itazamwe kila siku kwa amri ya postqueue -p. Barua nyingi zilizokwama ni dalili kwamba wapokeaji wanakataa.

Nakala ya akiba ifanywe kila usiku, na isikae katika jengo lile lile. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nakala iliyowekwa rafuni juu ya mashine yake huangukiwa na ukuta ule ule. Tena nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila miezi 3 fundi arudishe sanduku moja kutoka katika nakala, mbele ya katibu, na matokeo yaandikwe katika daftari la kumbukumbu za kamati.

Maswali ya kujadiliwa na kamati

1. Jina la mtandao la chama chetu limeandikishwa kwa jina la nani?
2. Fundi akihama leo, nywila za mtambo ziko kwa nani mwingine?
3. Eleza tofauti kati ya jibu linaloanza na 4 na lile linaloanza na 5. Lipi hupoteza barua?
4. Nakala ya akiba ilijaribiwa lini, na nani alishuhudia?
5. Mweka hazina amepokea barua ya kubadili akaunti ya mnunuzi. Taja hatua atakazochukua kabla ya kutenda lolote.