Joto la Sauna Hulala Wapi?

Ufini ina watu wapatao milioni 5.5, na sauna zake hukadiriwa kufika milioni 3. Nyingi zimo majumbani, zimepakana na bafu. Kijana mmoja aliyehamia Tampere alipopokea bili ya umeme ya majira ya baridi, alimwendea mjomba wake, fundi umeme aliyeishi huko miaka mingi.

"Mjomba, tukimaliza kuoga joto lote lile linapotea bure. Nikifunga feni niivute ile hewa ya moto hadi sebuleni, si nitapunguza gharama?"

"Hewa haina kitu, mwanangu. Piga hesabu. Chumba cha mita za ujazo 10 kina hewa ya kilo kumi hivi. Ikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 20, inatoa joto lisilofika hata robo ya uniti. Na jiko la kilowati 6 likiwaka mfululizo linakula uniti 6 kwa saa."

"Basi uniti zangu ziko wapi?"

"Nyingine zimeshatoka na hewa iliyokuwa ikibadilishwa. Zilizobaki zimo kwenye mawe, mbao na kuta. Kilo 20 za mawe yaliyofika nyuzi 300 zimebeba zaidi ya uniti moja. Majiko ya mnara yenye kilo 100 hubeba kama 6, na huziachia polepole hadi usiku wa manane."

Kijana alinyamaza, kisha akauliza afunge mtambo gani.

"Fungua mlango! Ila usiwe na pupa. Kila lita ya maji uliyomwagia mawe imekuwa mvuke, na mvuke huo ukikimbilia kuta baridi za sebule utageuka maji, na mbao zitaota kuvu. Kwanza tundu la hewa liwe wazi na jiko liendelee kuwaka kidogo, mabenchi yakauke. Ndipo uzime, ufungue mlango wa ndani. Hita za sebule zenye kidhibiti joto zitapumzika zenyewe. Kiangazi fanya kinyume: joto litoke nje."

Fundi huyo hakuwa akileta jambo geni. Zamani Wafini walikausha kimea na kitani ndani ya sauna, na ng'ambo ya ghuba, kusini mwa Estonia, sauna za moshi bado hutumika kukaushia nyama kwa moshi. Moto mmoja ulifanya kazi kadhaa.

"Na wenye jiko la kuni?"

"Wengi huweka tangi la maji ubavuni mwa jiko au kuzunguka dohani. Lakini tangi lisizibwe kabisa, maana mvuke ukikosa pa kutokea utalipasua. Wala moshi usipozwe mno, masizi yataganda dohanini na siku moja yatashika moto."

"Basi angalau nguo zangu nitazianika humo."

"Juu ya jiko, kamwe! Nguo zilizoanikwa saunani zimeshachoma nyumba nyingi huku, mtu akibonyeza swichi kwa kusahau au saa ya jiko ikiliwasha yenyewe. Ukitaka kuanika, zima kwanza kwenye ubao mkuu wa umeme."