Walevi kwenye treni ya usiku

SWALI: Nafanya zamu ya usiku hospitalini hapa London. Kila Jumamosi behewa hujaa watu wanaokunywa na kupayuka. Kwani si marufuku?

JIBU: Ni marufuku. Tangu 1 Juni 2008 hairuhusiwi kunywa pombe, wala kushika chupa au kopo lililofunguliwa, kwenye treni za chini ya ardhi na mabasi ya jiji. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walijazana kwenye treni za chini ya ardhi za njia ya Circle kuiaga pombe. Vurugu zikazuka, stesheni kadhaa zikafungwa. Treni za kwenda nje ya jiji zina kanuni zake, na nyingi huruhusu, kwa hiyo angalia kwanza umepanda ipi. Ila hata huko, mlevi chakari anaweza kuteremshwa.

Wewe usibishane naye. Mlevi hutafuta hadhira, na akikupata hakuachi. Kituo kinachofuata hamia behewa jingine, ikiwezekana la mbele karibu na dereva, kisha tuma ujumbe kwa polisi wa reli, 61016. Hakuna atakayekusikia ukishtaki. Taja treni, inakoelekea na behewa. Akianza kupiga au kutishia watu, piga 999.