Kulala Garini Kati ya Baraka na Bibokoboko

Kuishi garini, yaani kulifanya gari kuwa chumba cha kulala, jiko na ghala kwa siku kadhaa, si starehe ya kigeni kwa wapitao barabara ya taifa namba 5, ile inayounganisha Uvira, Baraka na Fizi, kwa kuwa madereva wa malori na makonvoyeri wao, yaani vijana wanaopakia mizigo na kusukuma gari, wamezoea kusubiri tope likauke papo hapo walipokwama. Habari za maji ya kunywa, chumvi na ndagala hazihitaji maelezo. Kila atokaye Baraka huondoka navyo.

Kinachosumbua ni unyevu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kwa vile joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, mtu wa pwani ya ziwa anayelala upande wa milima ya Bibokoboko hufunga vioo vyote kwa kuogopa baridi, asijue kwamba mvuke wa pumzi zake utageuka matone kwenye kioo na kumdondokea alfajiri. Dawa yake ina hatua mbili. Ya kwanza ni kuteremsha vioo viwili vinavyokabiliana, kila kimoja kwa upana wa kidole, ili hewa ipite. Ya pili ni kufunga turubai nje, juu ya mianya hiyo, liiname kama upenu wa nyumba. Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipoponzwa, kwani turubai aliloapiwa sokoni kwamba halipitishi hata tone lilivuja usiku wa kwanza, matundu yake ya kamba yakachanika, na blanketi likalowa hata likakamuliwa na watu wawili. Tangu siku hiyo hanunui turubai ambalo halijamwagiwa kopo la maji mbele ya muuzaji, na muuzaji anayekataa amekwisha kujieleza.

Usiku uo huo konvoyeri alitaka kuingiza babula, yaani jiko la makaa, ili blanketi likauke, akazuiwa kwa ugomvi uliofika hadi chai ya asubuhi, maana makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua aliyelala bila kumwamsha. Babula hulala nje, hata mvua ikinyesha.