Fedha ya Matibabu ya Ghafula: Somo la Uraia na Hesabu

Katika nchi yetu hii ya Dodoma mvua huanza Desemba hivi, na mavuno hupatikana Mei na Juni. Kwa hiyo mtu akiugua Februari, ghala imekwisha kuwa nyepesi, na wengi hukimbilia kuswaga mbuzi mnadani. Mnunuzi akikuona una haraka hutaja bei ya mwenye haraka. Kabla ya kuuza, basi, yafaa kujua milango mingine ya kubisha.

Mlango wa karibu ni kikundi cha kuweka na kukopa, kama VICOBA, ambamo mama zetu wengi wamo. Watu hudhani sanduku la kikundi lina fedha ya namna moja. La! Mna mafungu mawili. Fungu la hisa ni akiba ya kila mwanachama, na akopaye humo hurudisha na riba. Fungu la pili ni mfuko wa jamii: kila mmoja hutoa kiasi sawa katika kila mkutano, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Vikundi vingine huitoa fedha hii bure, vingine huikopesha bila riba, kama katiba yao isemavyo. Wanachama 25 wakitoa Sh. 500 kila juma, baada ya majuma 12 wana Sh. 150,000. Wako wazazi wanaokopa kwa riba hali mfuko huu umelala, kwa kuwa waona haya kuuomba. Haya ya nini? Fedha ni yao.

Mlango wa pili ni hospitali yenyewe. Serikali ilipoanza kutoza ada mwaka 1993 iliweka pia msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 yataja wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Na asiye katika makundi hayo, lakini hana kitu? Huyo amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, ambaye hupima hali yake na kumwombea msamaha. Barua ya Mtendaji wa Kijiji husaidia sana, basi ichukuliwe mapema. Mtu wa Mpwapwa au Kondoa akiisahau, huenda akalipa nauli mara mbili. Tena aseme shida yake mgonjwa angali kitandani, asingoje siku ya kuruhusiwa.

Mlango wa bima hufunguliwa mtu akiwa mzima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitoa Sh. 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha, hapa hapa Dodoma, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoleta taratibu mpya. Wazazi waulize zahanati viwango vya sasa.

Zoezi. Kikundi cha watu 30 hutoa Sh. 500 kila mmoja kwa juma katika mfuko wa jamii. Baada ya mchango wa juma la 4 mwanachama alipewa Sh. 40,000 za matibabu, na baada ya ule wa juma la 7 mwingine alipewa Sh. 60,000.

(a) Baada ya mchango wa juma la 8 mfuko ulikuwa na kiasi gani?

(b) Juma hilo hilo mtoto wa mwanachama wa tatu aliugua, zikatakiwa Sh. 30,000. Kikundi kingefanyaje? Ulizeni nyumbani katiba ya kikundi chenu yasemaje, mje na jibu.